Njumu za minyororo kwenye theluji ya mwisho wa machipuko: mapitio

Alama zetu: nne kati ya tano kabla ya saa 4 asubuhi, mbili kati ya tano baada ya saa 7 mchana. Njumu ni zilezile na mguu ni uleule. Theluji ndiyo inayogeuka. Mapitio mengi ya kifaa hiki huandikwa kana kwamba theluji ni kitu kimoja kuanzia alfajiri mpaka magharibi, na ndiyo maana mnunuzi mmoja husifu na mwingine hulaani kitu kilekile.

Kwanza tuelewane majina, maana huchanganywa sana. Njumu za minyororo ni mpira mzito unaovutwa juu ya buti, ukishikilia minyororo midogo chini ya soli, na kwenye minyororo hiyo kuna meno ya chuma ya sentimita moja hadi moja na nusu na ushee. Kramponi ni kitu kingine: fremu ya chuma au alumini yenye meno 10 au 12 ya sentimita mbili na nusu hadi tatu, mawili yakichomoza mbele ya ncha ya kiatu. Viatu vipana vya theluji ni kitu cha tatu, na kazi yake kubwa ni kutandaza uzito wako usizame. Siku moja ya vilele vyenye misonobari mwishoni mwa machipuko, wakati bondeni majani yameshachanua na huko juu theluji bado inafika kiunoni, inaweza kudai vyote vitatu. Aliye peke yake hana wa kugawana naye mzigo. Hapa basi tunaziangalia njumu kwa kazi hiyo moja: mtu mmoja, siku moja, kupanda na kurudi.

Miundo miwili ndiyo inayokutwa zaidi njiani. MICROspikes za Kahtoola, kampuni ya Flagstaff huko Arizona, zina meno 12 kila mguu, ya chuma kisichoshika kutu kirahisi, urefu karibu sentimita moja. Trail Crampon za Hillsound ya Kanada zina meno 11, marefu zaidi, kama sentimita 1.7, yaliyotokeza kwenye vibao vya chuma, pamoja na ukanda wa velkro unaopita juu ya mguu. (Jina lina neno kramponi, lakini ni njumu, usidanganywe na boksi.) Za kwanza ni nyepesi na hukunjika zikaingia mfuko wa koti. Za pili ni nzito zaidi, jozi ikikaribia nusu kilo.

Kwenye barafu ngumu ya alfajiri, juu ya njia iliyoshindiliwa, tofauti yao ni ndogo. Inajitokeza pale unapokata mteremko kwa ubavu, na pale theluji imelegea juu huku chini bado ni ngumu: jino la sentimita moja linaishia kwenye uji, la 1.7 linaufikia ugumu. Kwa msimu huu tungechukua meno marefu na ukanda, uzito uongezeke tu. Kwa baridi kavu ya katikati ya msimu tungechukua nyepesi bila kusita.

Tuta

Njia inayopendwa hukanyagwa na mamia ya buti msimu mzima wa baridi. Theluji yake hushindiliwa ikawa nzito, na theluji nzito huchelewa kuyeyuka kuliko ile laini ya kando. Ukifika mwisho wa machipuko kinachobaki ni tuta, kama tuta la viazi vitamu, upana wa sentimita 30 hadi 50, limeinuka katikati na kuporomoka pande zote mbili. Juu ya tuta unatembea kama uko barabarani. Kosea hatua moja tu na mguu unazama mpaka gotini, pengine pajani, na mara nyingi chini kabisa maji ya theluji yanapita kimyakimya.

Hapa njumu hazina mshindani. Viatu vipana haviwezi kukaa juu ya kitu chembamba hivyo. Kingo zake huning'inia na kupindua kifundo. Kramponi hushika vizuri mno, kiasi kwamba hatua ya kizembe inanasa suruali. Njumu hung'ata katikati ya mgongo wa tuta na kukuacha utembee kwa mwendo wa kawaida. Punguza hatua, tua kwa soli nzima badala ya kisigino, na acha nafasi ya ngumi moja kati ya buti na buti ili jino lisichane gaita, yaani kitambaa kigumu kinachofunika buti na muundi kuzuia theluji, la mguu wa pili.

Tuta lina mitego yake. Misonobari midogo iliyofunikwa huacha uwazi wa hewa chini ya matawi, na juu huoni kitu isipokuwa ncha ya kijani iliyochomoza sentimita chache. Ncha hiyo ndiyo tahadhari pekee utakayopewa. Ipishe kwa mita moja au zaidi. Mashina makubwa nayo huzungukwa na shimo, kwa sababu gome jeusi hunyonya jua na kuyeyusha theluji iliyo karibu yake.

Ukitumbukia mpaka kiunoni na njumu miguuni, meno hunasa matawi ya chini. Usivute. Egemeza kifua juu ya tuta, laza magongo mawili kwa msalaba chini ya mikono yako ili uzito utawanyike, chimba kwa mkono kuzunguka buti mpaka uione njumu, kisha kunja goti na kutoa mguu ukitanguliza kisigino. Kuvuta kwa hasira ndiko kunakobakiza njumu chini na mtu juu. Ukiwa peke yako, njumu iliyobaki chini ya mita moja ya theluji ndiyo mwisho wa kupanda kwa siku hiyo.

Jambo moja husahaulika kabisa: theluji ya mita moja imekuinua mita moja. Matawi yaliyokuwa juu ya kichwa sasa yako usawa wa macho, na alama za njia zilizopakwa kwenye mashina ziko magotini au zimefukiwa. Tuta likipotea mahali palipo wazi, usiendelee kwa kubahatisha. Rudi ulikoliona mara ya mwisho, angalia ramani uliyopakua kwenye simu, kisha tafuta pengo la miti iliyokatwa matawi kwa mstari.

Saa

Mpango wa siku huanza usiku uliotangulia. Kwenye utabiri usiangalie hali ya mjini; angalia joto la chini kabisa kwenye mwinuko wa kilele, na kama anga litakuwa wazi. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi joto 6.5 kila mita 1000 unazopanda. Anga likiwa wazi, theluji hutoa joto lake kuelekea juu na uso wake unaweza kuganda hata hewa ikiwa juu kidogo ya sifuri. Usiku wa mawingu haigandi sawasawa. Msitu mzito nao ni kama blanketi, matawi hurudisha joto chini. Ndiyo sababu eneo la wazi linaweza kuwa gumu kama saruji saa 12 asubuhi, na hatua hamsini ndani ya miti ukaanza kuzama.

Kipimo ni rahisi. Mahali theluji inapoanza, piga kisigino mara moja kwa uzito wako wote. Kikiacha alama tu, vaa njumu uende. Kikizama sentimita 5, bado inawezekana ukiwahi. Kikizama zaidi ya 10 alfajiri, jua halijatoka, theluji haikuganda na haitaganda leo. Hapo njumu ni pambo. Kama huna viatu vipana, geuza.

Kaskazini mwa ikweta, miteremko inayotazama mashariki hulegea kwanza, kisha ya kusini, halafu ya magharibi. Ya kaskazini hubaki ngumu mpaka mchana. Njia ya mashariki iliyokupandisha vizuri saa 1 asubuhi itakuwa uji utakaporudi saa 8. Kati ya ugumu na uji kuna dirisha dogo ambapo juu kumekuwa chenga chenga kwa sentimita mbili tatu na chini bado kunashika. Kushuka kwenye theluji ya chenga ukiwa na njumu zenye meno marefu ndiyo sehemu tamu kuliko zote ya siku.

Hesabu ya muda: mpanda milima wa Uskoti William Naismith aliweka kanuni mwaka 1892 ambayo leo hutumika kama saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Chukua njia ya kilomita 14 yenye mita 900 za kupanda. Ardhi kavu inakupa saa 2 na dakika 48, na saa 1 na nusu ya kupanda: jumla saa 4 na dakika 18. Kwenye theluji iliyoganda ukiwa na njumu, ongeza nusu, zinakuwa saa 6 na dakika 27. Theluji ikilegea, zidisha mara mbili: saa 8 na dakika 36, bila kupumzika. Ukiondoka saa 11 alfajiri unamaliza kabla ya saa 6 mchana. Ukiondoka saa 2 asubuhi, nusu ya pili yote unaipitia kwenye uji, na hesabu ile ya kwanza haikuhusu tena. Mwachie mtu njia yako, saa ya mwisho ya kurudi na namba ya kupigia waokoaji. Saa hiyo ihesabie kwa mwendo wa uji.

Mabonge

Theluji yenye maji, ikiwa karibu na sifuri, hugandia chuma. Ndani ya hatua ishirini unaweza kuwa na bonge la sentimita tano chini ya kila mguu, na hakuna jino hata moja linalogusa ardhi. Dalili ya kwanza ni kifundo kuanza kuyumba kama umevaa viatu vya kisigino kirefu. Gonga ubavu wa buti kwa gongo, bonge huanguka. Ukijikuta unagonga kila baada ya hatua kumi, zivue. Soli tupu itakushika vizuri zaidi.

Hapa muundo wa vibao unapoteza alama. Mnyororo mtupu hujikunja kila hatua na kuangusha sehemu ya bonge, kibao hakijikunji. Kwa hiyo meno marefu tuliyoyasifu asubuhi ndiyo yanayochosha mchana. Ukipanga kurudi kabla ya saa 6, kasoro hii utaisikia kwa watu tu.

Kuvaa, na kinachokatika

Zivae kabla ya barafu, mahali tambarare. Wengi hungoja mpaka wateleze mara moja, na kuteleza kwa mara moja kunatosha kuteguka mkono. Kaa chini, tafuta alama ya mbele kwenye mpira, ingiza ncha ya buti kwanza, kisha vuta mpira wa nyuma juu ya kisigino. Nyoosha kingo pande zote mbili. Minyororo ya kulia na kushoto iwe sawa, na safu ya mbele ya meno iwe chini ya sehemu nene ya nyayo iliyo nyuma ya vidole, isiwe chini ya vidole vyenyewe. Simama, kanyaga mara tano, inua mguu utikise. Mnyororo ukining'inia wazi chini ya upinde wa soli, saizi ni kubwa. Mpira ukibana vidole mpaka vianze kufa ganzi, saizi ni ndogo au kiatu ni laini mno.

Kuhusu kiatu hatuna huruma: viatu laini vya kukimbilia havifai hapa. Mpira huvikunja kwenye ncha, damu haifiki vidoleni, na kwenye mteremko wa ubavu kiatu huteleza ndani ya njumu mpaka meno yanaangalia pembeni. Buti yenye soli ngumu kiasi na kingo za kweli huondoa matatizo hayo yote matatu. Jaribu saizi ukiwa na buti utakazopandia, kwa sababu soli nene hula mpira mwingi kuliko namba ya kiatu inavyosema.

Panapokatika ni palepale: tundu kwenye mpira ambamo pete ya mnyororo hupita. Mpasuko huanza ukiwa mdogo kama ukucha, na baridi huufanya uendelee. Kabla ya kila safari vuta kila tundu kwa vidole ukiangalia kwenye mwanga. Cha pili ni pete kufunguka, hasa kwa anayetembea juu ya mawe. Jiwe hufanya makosa mawili kwa pamoja: linafanya jino kuwa butu, na linaweka uzito wako wote juu ya pete moja.

Mwishoni mwa machipuko mawe na theluji hubadilishana kila baada ya mita mia, na kuvua na kuvaa huchosha. Kanuni inayotekelezeka ni hii: kipande cha jiwe kikiwa kifupi kuliko hatua thelathini, pita polepole nazo, kikizidi, vua. Zilizovuliwa zining'inize nje ya mkoba ndani ya mfuko mgumu. Usizitupe mkobani zikiwa tupu, maana zitakutana na koti lako la mvua.

Vifaa vya kutengenezea havifiki gramu mia: vifungio sita vya plastiki vya kufungia nyaya, vya sentimita 20, nusu mita ya waya mwembamba, mita mbili za kamba ya milimita 3. Pete ikifunguka, pitisha vifungio viwili kwenye tundu na mnyororo, si kimoja, kwa sababu plastiki kwenye baridi huvunjika ghafla. Mpira ukipasuka kabisa, funga kamba kutoka mnyororo wa kulia, juu ya mguu, mpaka wa kushoto, uizungushe nyuma ya kifundo. Haipendezi, lakini inakushusha. Kwa mtu wa peke yake tunakiona kifurushi hiki kuwa sehemu ya njumu zenyewe.

Zinapokoma

Mteremko ukizidi nyuzi 25 hadi 30 na ukiwa mgumu, njumu si kifaa chake. Hazina meno ya mbele, na mpira huruhusu buti kusogea. Hapo panahitaji kramponi, shoka la barafu na mtu anayejua kujizuia akianguka. Asiye navyo akipaona kutoka chini, hapo ndipo kilele chake cha leo. Angalia pia mapengo marefu yaliyonyooka kushuka katikati ya msitu, ambako miti iliyosimama imekosa matawi upande wa juu. Poromoko limepita hapo, na theluji iliyolowa ya mchana huporomoka vilevile.

Usiteleze kwa makalio ukiwa na njumu. Jino moja likinasa, mwili unaendelea na kifundo kinabaki. Vua kwanza, au shuka kwa miguu.

Vijito ni hadithi ya saa tena. Maji ya kuyeyuka hupanda mchana na kufikia kilele chake alasiri au jioni, kwa hiyo daraja la theluji ulilovuka saa 1 asubuhi linaweza kuwa ganda la sentimita kumi ukirudi. Ligonge kwa gongo kabla ya kila hatua. Likitoa sauti ya ngoma, tafuta mahali pengine.

Na viatu vipana? Vya sentimita 56 hadi 64 vyenye kiinua kisigino huongeza karibu kilo mbili mgongoni, ambazo asubuhi utazilaani. Vibebe kama kisigino chako kilizama zaidi ya sentimita 5 alfajiri, au kama utarudi baada ya saa 6. Kuna mahali uamuzi si wako: katika High Peaks Wilderness ya milima ya Adirondack, jimbo la New York, theluji ikizidi inchi 8, yaani kama sentimita 20, viatu vipana au ski ni lazima. Sababu inaonekana kwa macho. Mashimo ya miguu ya mchana huganda usiku yakawa mitego migumu ya kuvunja mguu wa atakayepita kesho.

Mengine kwa haraka. Magongo yawe na visahani vipana vya theluji, vile vidogo vya kiangazi huzama mpaka mkononi. Gaita zifike chini ya goti. Miwani ya jua ni lazima hata msituni, kwani theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno, na macho huanza kuuma saa kadhaa baadaye, pengine ukiwa bado njiani. Taa ya kichwa, hata kama umepanga kurudi mchana. Simu ikae mfuko wa ndani, betri huishiwa upesi kwenye baridi.

Ukifika nyumbani osha njumu kwa maji baridi na zianike kivulini. Jua kali na joto la hita huchosha mpira. Hata chuma kisichoshika kutu huota madoa kikilala na unyevu ndani ya mfuko. Meno butu yanolewe kwa tupa ya mkono, kwenye kingo tu na kwa mkono mwepesi. Mashine ya kunolea hupasha chuma moto na kukilainisha. Jino likibaki nusu ya urefu wake, au tundu likionyesha mpasuko unaoingia ukucha, jozi hiyo ihamishie njia ya kuendea kutoa takataka wakati wa barafu, na usiipandishe mlimani tena.